Gari la Mbele

Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Daftari hili kanipa Hafswa. Asema nikirudi safari nanena mno, kila jiwe nililolipanda lazima yeye alisikie, na ana mtoto wa kunyonyesha na nguo za kufua. "Andika," kaniambia, "nami ntakuja soma nikipata nafasi." Hatosoma. Lakini naandika.

Mimi ni Barakat, mtoto wa Hamdun muuza nguo, mzaliwa wa hapa Kisauni, umri miaka ishirini na sita. Baba alitaka nikae dukani kama alivyokaa yeye na babake. Nilipoacha yadi ya kupimia kitambaa nikashika usukani, hakusema nami mwezi mzima. Sasa husema, lakini mbele ya watu huniita "huyu wetu wa magari".

Kampuni yetu iko Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta. Tuna Landrova mbili. Twawapeleka wageni wa Kizungu milima ya Taita, usiku mmoja Voi, usiku mbili kambini juu mlimani, kisha twarudi. Kule juu hakuna barabara. Kuna njia iliyochongwa zamani kwa kuteremshia magogo. Mkono mmoja jabali, mkono mwingine hakuna kitu. Wageni hulipenda hilo "hakuna kitu". Nyika yote iko chini yao, na asubuhi ikiwa hakuna wingu waiona theluji ya Kilimanjaro, nyeupe, haijashika ardhi. Nami naipenda. Siku ya kwanza kuiona nilisahau kuzima gari.

Gari la mbele, la wageni, huendesha Lewa. La nyuma, la mahema na masufuria, huendesha mimi. Miaka miwili sasa.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua. Mapema mwaka huu.

Jumapili, 8 Oktoba

Tumerudi jana. Safari nzuri ila kwa Lewa na Kiwiko chake.

Kiwiko ni kona moja kule juu. Njia yajikunja kama mkono uliokunjwa, na jabali limetokeza katikati, hata aliye upande huu hamwoni wa upande ule. Kila tukifika pale, Lewa husimamisha gari, huvua viatu, akaenda ukingoni na ule mtaimbo wake akidunga ardhi hatua kwa hatua. Kisha huwashusha wageni wote wapite kwa miguu. Kisha yeye hupita, na akishapita hurudi tena kwa miguu kuangalia kabla ya kuniita mimi. Saa nzima yaenda hapo. Safari hii mgeni mmoja aliniuliza kama mwenzangu anatafuta maji ya kisima. Nilicheka. Wakacheka wote. Lewa alisikia, akaendelea kudunga.

Alikuwa dereva wa jeshi Burma wakati wa vita. Ana miaka arubaini na kitu, Mgiriama wa huku huku kwetu, akaa Mishomoroni na mkewe Selpher na watoto wanne. Huniita "bwana mdogo". Sijui kama ni heshima au ni dhihaka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua kutwa. Daraja la kuelea la Nyali lacheza, baiskeli nimeisukuma kwa mkono.

Jumanne, 17 Oktoba

Leo pamezuka jambo gereji. Bwana Strang, Mzungu mwenye kampuni, alimwambia Lewa wageni wako tayari Alhamisi. Lewa alikuwa chini ya gari. Akatoka, akajifuta mikono taratibu, akasema, "Bwana, mlima umekunywa maji. Siendi mpaka ukauke."

"Wageni nalipa kwisha. Wewe naogopa tope?"

"Naogopa, bwana."

Alisema hivyo hivyo, mbele ya makanika wote, bila haya. Mimi nilitazama chini kwa kumwonea aibu. Na ukweli ni kuwa moyoni kitu kiliniruka, na hakikuwa huzuni.

Jumatano, 18 Oktoba

Bwana Strang kaniita ofisini peke yangu. Kanipa kiti, jambo ambalo hajapata kulifanya.

"Barakat, sema kweli. Barabara mzuri ama hapana mzuri?"

Sijaiona njia tangu siku kumi na moja. Nikasema, "Yapitika, bwana."

"Lewa nasema hapana."

"Lewa ni mtu wa zamani, bwana."

Akacheka. Kesho nashika gari la mbele. Lewa ataendesha la nyuma, au aende kwao. Lewa amesema ataendesha.

Hafswa nilipomwambia alifurahi, kisha akauliza, "Na yeye kasemaje?" Nikamwambia hakusema kitu. Akarudi kwenye nguo zake.

Jumanne, 24 Oktoba

Tumerudi salama! Wageni walikuwa wanne, wamefurahi kupita kiasi. Kwenye tope niliacha gari liteleze na kulirudisha kwa usukani, wale mabibi wakipiga mayowe kama watu wa pembea. Kambini asubuhi mawingu yalikuwa chini yetu, meupe, yametanda mpaka ukingo wa macho, na vilele vya milima vimetokeza juu yake kama visiwa. Mzee mmoja aliivua kofia yake. Nilijiona kama mlima ni wangu na nimewaazima.

Kiwiko tulipita kwa dakika kumi. Kipande cha ukingo kimemeguka, kama upana wa mkeka. Nilikiona. Lewa naye alikiona, akasimama pale kwa muda mrefu, mvua yamnyeshea.

Ijumaa, 27 Oktoba

Msikitini baada ya swala baba aliniuliza mbele ya wenzake, "Wasemaje huko milimani?" Mara ya kwanza kuniuliza habari ya kazi yangu.

Alhamisi, 2 Novemba

Haijapata kunyesha namna hii, wazee wasema hivyo. Magazeti yasema mito imevunja madaraja njia nzima ya Nairobi. Nyumba mbili za udongo huku nyuma yetu zimelala.

Alasiri Lewa alikuja nyumbani. Hajapata kuja. Alivua viatu mlangoni, miguu imejaa tope, akakataa kuingia ndani asichafue mkeka. Tukanena barazani.

"Barakat," akaniambia, wala hakusema bwana mdogo. "Bwana Strang yuakusikiza wewe. Mwambie safari zingoje mpaka mwezi wa kumi na mbili. Ile ardhi ya Kiwiko ni udongo mtupu, chini hakuna jiwe. Gari moja litapita, la pili litaondoka nao."

"Si tulipita juzi?"

"Juzi tulipita. Nilihesabu nyufa tatu."

"Kwa nini humwambii mwenyewe?"

"Nilimwambia. Akakuuliza wewe."

Hapo nikaona hasira. Nilimwambia kama ataka kiti chake akiombe kwa njia iliyonyooka, asije kwangu na hadithi za udongo. Alinitazama. Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Akasema, "Haya. Salamu kwa wa ndani," akavaa viatu vyake akaenda zake na mvua.

Hafswa alikuwa nyuma ya pazia. "Hukumpa hata kikombe cha chai," akasema.

Jumatatu, 6 Novemba

Twaondoka. Wageni wanne. Bwana na Bibi Hallam, watu wazima, wamekuja kumwona mtoto wao anayefanya kazi bandarini; na vijana wawili ndugu wenye kamera. Vijana watapanda na mimi, wazee na Lewa. Bibi Hallam alinisalimu "shikamoo" akifikiri ndiyo salamu ya kila mtu. Nikaitika marahaba kwa mzaha. Lewa ndiye aliyemweleza, kwa adabu, kuwa bibi ndiye wa kuamkiwa. Bibi alicheka mpaka akafuta macho.

Jumatano, 8 Novemba. Kambini

Mvua usiku kucha na kutwa. Hema moja limeanguka. Bibi Hallam ameteleza akategua kifundo cha mguu. Hakuna cha kuona, ukungu tu. Bwana Hallam ataka tushuke kesho mapema.

Jumamosi, 11 Novemba. Voi

Bibi Hallam amekufa. Lewa yuko hospitali, mkono umevunjika mahali pawili na mbavu pia. Mimi sina hata mkwaruzo.

Naandika kwa mpangilio, kwa sababu kila mtu ananiuliza na kila nikijibu naona mambo yaanza kubadilika kinywani mwangu.

Tulivunja kambi juzi Alhamisi asubuhi. Mvua ilikuwa imepungua, yanyunya tu. Mimi mbele na wale vijana wawili, Lewa nyuma na wazee na mahema yaliyorowa, uzito mara mbili. Tukafika Kiwiko kiasi cha saa nne. Sikushuka. Niliwaambia vijana washuke, hawakutaka, wakasema ndiyo raha yenyewe. Nikatia gia ndogo nikaingia. Katikati ya kona tairi la nyuma la upande wa bonde likazama. Nilihisi gari limekaa, kama mtu aliyekalia kitanda chenye kamba mbovu. Nikakanyaga mafuta, likajitoa, tukapita. Vijana wakapiga makofi.

Nikasimamisha gari mbele, nikashuka, nikarudi mpaka kwenye tokezo la jabali, mahali ambapo mtu wa upande ule aweza kuniona. Lewa alikuwa amesimama upande wa pili. Alimshusha Bwana Hallam. Bibi hakuweza kukanyaga. Lewa akamwambia atambeba mgongoni. Bibi akasema yeye si gunia, na mumewe akasema mwache, ni hatua chache tu. Lewa akabishana nao kidogo, nilimwona akionyesha kwa mkono. Kisha akauchukua mtaimbo, akaja akidunga upande wake mpaka penye jabali, hakuendelea. Nusu ya pili ya kona, ile niliyoiharibu mimi, haionekani kutoka kule. Ilikuwa upande wangu.

Akarudi garini. Akakaa. Akanitazama.

Gari likaja. Ardhi haikutoa sauti. Ukingo ulishuka tu, mzima, na majani yake juu. Gari likalala ubavu polepole, hata nikafikiri litasimama. Mlango wa Lewa ukafunguka akatupwa nje. Halafu likaenda. Nililisikia likipiga mara tatu, kisha miti.

Lewa alinasa kwenye vichaka, kiasi cha urefu wa mnazi kutoka juu. Tulipomfikia kwa kamba alikuwa na akili zake. Neno lake la kwanza, "Bibi yuko wapi?"

Bwana Hallam alikuwa ukingoni akiita, "Edith! Edith!" kwa sauti ya kawaida, kama mtu amwitaye mkewe aliye chumba cha pili. Aliita hivyo mpaka tulipofika chini, alasiri. Bibi alikuwa kando ya gari. Kofia ya mvua bado ilikuwa kichwani, utepe umefungwa chini ya kidevu. Nilimfunika kwa turubai la kambi. Mikono yangu ilikuwa yafanya kazi vizuri sana. Sijui kwa nini naliandika hili.

Jumapili, 12 Novemba. Voi

Bwana Strang amefika. Alikuja mpaka kwenye baraza ya polisi nilipoambiwa ningoje, akakaa kando yangu kwenye benchi, akavuta sigara nusu.

"Lewa nasema wewe naita yeye kwa mkono. Kweli?"

Nilitazama viatu vyake.

"Sikia, Barakat. Mzungu nakufa. Lazima mtu naenda jela. Kama wewe nasema, mimi naita yeye, basi watu wawili naenda. Kama wewe nasema, mimi naambia yeye simama, basi mtu moja. Lewa naenda tu, huyu ndiye nashika gari. Kwa nini watu wawili?" Akaizima sigara kwa kiatu. "Na mimi nakumbuka nani nasema barabara mzuri."

Inspekta aliandika, akanisomea. Nimetia sahihi maneno haya: kwamba niliona ardhi imeharibika, nikainua mkono kumwashiria dereva Lewa Masha asimame, naye hakusimama.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimerudi nyumbani. Lewa ametolewa hospitali, yuko rumande. Mvua. Hafswa aliniuliza, nikamwambia Lewa hakuuona mkono wangu. Akasema, "Masikini wote wawili." Alituhesabu mimi na Lewa.

Alhamisi, 23 Novemba

Mvua.

Jumapili, 26 Novemba

Mvua. Gereji nimepewa kazi ya kupanga vipuri. Makanika hawanitanii tena.

Jumatano, 29 Novemba

Hafswa hasomi daftari hili, kwa hivyo nitaandika.

Sikumwashiria asimame. Nilimwita.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi na tano kutoka mahali tairi langu lilipozama. Ningeweza kwenda kutazama. Ilikuwa ni kugeuka na kutembea tu. Lewa angalikuwa mimi angalivua viatu na kwenda. Lakini mvua ilikuwa imeanza kuniingia shingoni, wale vijana walikuwa nyuma yangu na kamera zao, nikadhani wanitazama, nami sikutaka wanione nikidunga ardhi kama yule mzee niliyewachekesha watu kwa ajili yake. Lewa akakaa garini akanitazama. Nikainua mkono nikaukunja, hivi, mara mbili. Njoo. Njoo. Naye akaja.

Hata alipokuja nilikuwa nawaza, ataona sasa kuwa ni dakika kumi tu.

Wale vijana hawakuona, walikuwa nyuma ya mgongo wangu wakibadilisha filamu, wamesema hivyo kwa polisi. Bwana Hallam alikuwa akimtazama mkewe. Ni mimi na Lewa tu.

Jumatatu, 4 Desemba

Selpher amekuja. Nilikuwa kisimani nikamwona akiingia ua wetu, mtoto mgongoni, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani. Hafswa alimkaribisha ndani, akamtilia chai, akamkatia mkate wa sinia. Sikuwa na mahali pa kukimbilia.

"Sikuja kukusumbua, baba," akaniambia. Mimi ni mdogo kwa mumewe, na yuaniita baba. "Kule gerezani waniacha dakika chache tu, na yeye hasemi. Nasikia wewe ulikuwako. Nataka unieleze alivyokuwa siku ile. Kama alikuwa mgonjwa, kama aliudhika. Lewa si mtu wa kuambiwa simama akaenda. Miaka kumi na sita nimekaa naye. Hata punda njiani husimama akampisha."

Nikamwambia hakuwa mgonjwa.

"Basi ilikuwa nini?"

Nikamwambia mvua ilikuwa nyingi, pengine hakuona.

Aliitika kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka kitu mfukoni ingawa si alichokitaka. Akamaliza chai yake. Akamshukuru Hafswa, akaenda.

Hafswa akafunga mlango. Hakuketi. "Ulimwita," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Nimekutazama ulipokuwa wanena naye. Weye ulimwita, Barakat."

Nikamweleza yote. Alisikiza akimnyonyesha mtoto, machozi yamtoka bila sauti. Nilipomaliza nilidhani atanitukana. Akasema, "Wallahi mimi nimempa chai mwanamke huyu, na mume wake yuko ndani kwa ulimi wa mume wangu." Kisha: "Utakwenda useme?"

"Nikisema ntafungwa na mimi."

"Sikukuuliza hilo."

Jumamosi, 9 Desemba

Tanganyika wamepata uhuru wao. Redio ya jirani yaimba kutwa. Dukani kwa baba wabishana juu ya mwambao, tubaki na Sultani au twende na Kenya, bendera gani. Nilikaa nao saa nzima nisisikie neno.

Jumapili, 24 Desemba

Mvua imekatika. Siku tatu sasa jua. Njia ya Mishomoroni imekauka, nyayo za watu zimebaki zimeganda kwenye tope.

Jumanne, 16 Januari 1962

Leo ndiyo kesi.

Lewa alikuwa kizimbani, mkono umefungwa kifuani, amekonda hata kola ya shati yaacha nafasi ya ngumi. Bwana Hallam hakuwako, amerudi kwao. Bwana Strang alikaa safu ya mbele. Selpher nyuma kabisa.

Niliapa kwa msahafu. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nilimwashiria mshtakiwa asimame. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

"La, bwana. Nilimwita aje. Sikuwa nimeiangalia ardhi. Kosa ni langu."

Watu wakaguna. Bwana Strang hakugeuka. Mwendesha mashtaka hakushtuka pia. Akaichukua karatasi yangu, akaniletea.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa na askari?"

"La."

"Basi ulisema uongo siku ile, au leo?"

"Siku ile."

"Siku tatu baada ya ajali, mambo yakiwa bado mabichi, ulisema uongo. Leo baada ya miezi miwili ndiyo wakumbuka ukweli." Akageuza ukurasa. "Wewe wakaa Kisauni. Na mshtakiwa?"

"Mishomoroni."

"Ni mbali?"

"Si mbali."

"Mke wa mshtakiwa amepata kufika kwako tangu ajali?"

Nilimwona Selpher akiinua kichwa. Nikasema ndiyo, mara moja.

"Akala na kunywa nyumbani kwako?"

"Alikunywa chai."

Hakuuliza zaidi. Hakuhitaji.

Nikajaribu kusema kuwa Lewa alikataa safari tangu Oktoba, kuwa bwana aliambiwa, kuwa mimi ndiye niliyesema yapitika. Hakimu akaniambia nijibu ninachoulizwa. Kisha akainama mbele, mzee wa Kizungu mwenye sauti ya upole, karani akatafsiri: "Bwana hakimu asema, ushahidi wako wa leo huenda ni kweli. Lakini mtu aliyetia sahihi neno moja akaapa jingine hawezi kuiambia korti ishike lipi. Shuka."

Nikashuka. Sikumtazama Lewa.

Alhamisi, 18 Januari

Miezi kumi na minane. Kwa kuendesha gari kwa hatari, na kwa kumwacha abiria ndani mahali palipohitaji ashushwe. Leseni yake imefutwa kwa maisha.

Mimi nimeambiwa nisitoke Mombasa, labda nitaitwa kwa kusema uongo polisi, labda nisiitwe. Bwana Strang alinipa barua mlangoni mwa korti, asinitazame. Sina kazi.

Nilimfuata Selpher mpaka stendi ya basi. Nilitaka kumwambia, sijui nini. Aligeuka kabla sijafungua mdomo.

"Ungalisema siku ile nilipokuja," akasema. "Hata siku ile bado ilikuwa karibu. Ningalikwenda mimi na wewe kwa polisi, na mtoto mgongoni. Wewe ukaniangalia nikinywa chai."

Basi likaja, akapanda.

Jumatatu, 22 Januari

Baba amekuja mwenyewe, kwa miguu kutoka kituoni, jua kali. Nikamwamkia, akaitika, akakaa. Hakunitazama, nami sikumtazama. Akasema, "Duka liko." Mwaka jana ningalisema la. Kesho ntakwenda kufungua.

Jumatano, 31 Januari

Nimepima khanga kutwa.

Jumapili, 4 Februari

Leo nimekwenda kumwona Lewa.

Nilipanga foleni pamoja na wanawake na vikapu vyao. Dakika kumi kila mtu, waya katikati, askari jela amesimama mwisho wa benchi. Lewa akaletwa. Mkono umepona vibaya, umepinda, hawezi kuunyoosha. Akakaa. Nikamwamkia, "Shikamoo." Sijapata kumwamkia tangu tujuane, miaka miwili na zaidi.

"Marahaba."

Nikasema niliyokuja kuyasema. Kuwa naomba radhi. Kuwa najua radhi haifungui mlango huu. Kuwa nilipoinua mkono sikuwa nimeangalia. Alinisikiza mpaka mwisho, akitazama vidole vyake.

"Mimi nilijua ile ardhi," akasema. "Tangu Oktoba niliijua. Nilipokaa garini siku ile, roho yangu yote ilikuwa yaniambia shuka, zunguka, kaangalie kwa macho yako. Lakini kwenda na kurudi ni muda, na bibi alikuwa yuaona baridi, yuatetemeka. Nikakutazama. Nikaona unaniita. Nikasema moyoni, Barakat amekwisha kwenda kuangalia." Akaugusa mkono uliopinda. "Sikuitazama ardhi tena. Nilitazama mkono wako."

Nikaushika waya.

"Wageni wote niliowapeleka miaka yote," akaendelea, "hakuna hata mmoja niliyemjua jina. Huyu nimemjua. Edith. Naisikia ile sauti ya mumewe. Nawe waisikia?"

"Naisikia."

"Vema," akasema.

Askari akapiga kengele ya mkono. Lewa akasimama, kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni sawasawa.

"Mwambie Selpher sabuni imekwisha. Alete kipande siku ya kuja."

Nikasema nitaileta mimi, wiki ijayo, na chochote kingine anachohitaji.

"Nimesema Selpher," akajibu, akaenda na askari.